Tamko la Mafundi Ujenzi wa Arusha Kuhusu Maji Katika Vyumba vya Chini ya Nyumba za Zamani

Sisi mafundi ujenzi, mafundi bomba na wapaka rangi wa Jiji la Arusha na vitongoji vya chini ya Mlima Meru, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kabla ya masika, wakati ardhi ingali kavu na kazi ya kuchimba inawezekana.

Kila mwaka kati ya Machi na Mei tunaitwa kwa shida ileile. Nyumba ya zamani imekaa kwenye mteremko, iwe Sekei, Ilboru au Sakina. Chini yake kuna stoo au chumba ambacho ukuta wake wa upande wa mlimani umefukiwa na udongo, na ndani maji yamefika vifundoni. Mwenye nyumba anaomba kitu cha kupaka ukutani ili yasiingie. Fundi naye anahitaji kula, basi anapaka. Tunatamka wazi kwamba kazi hiyo, ikifanywa peke yake, ni kumlia mteja fedha yake.

Aliyejenga nyumba alichimba shimo kubwa kuliko ukuta, kisha akajaza pengo kwa udongo uliotifuliwa na vifusi. Kijazio hicho hupitisha maji, lakini udongo wa mfinyanzi unaokizunguka hauyaruhusu kuondoka haraka, hivyo nyumba inakuwa imekaa ndani ya bakuli. Maji yakisimama kimo cha mita moja nje ya ukuta, pale chini yanausukuma kwa nguvu ya karibu tani moja kwa kila mita ya mraba. Rangi iliyopakwa kwa ndani inasukumwa kutoka nyuma, inafura, inabanduka, na unga mweupe wa chumvi unajitokeza. Mfinyanzi wenyewe hufura ukilowa na kusinyaa ukikauka, hasa ule mweusi wa mbuga unaopatikana maeneo ya tambarare chini ya jiji. Nyufa zinazoonekana wakati wa kiangazi ndizo njia ya maji mvua inapoanza.

Kwa hiyo kazi ianzie juu. Mvua ya milimita 40 juu ya paa la mita za mraba 150 ni lita 6,000, maji yasiyotosha katika simtanki la lita 5,000. Mahali pengi tunapoitwa, maji hayo yote yanamwagika mguuni mwa ukuta kwa sababu gata imetoboka au haikuwahi kuwekwa. Kutengeneza gata, kupeleka maji mbali na kusawazisha ardhi ishuke angalau sentimeta 15 katika mita tatu za kwanza kutoka ukutani ni kazi ya gharama ndogo. Ifanywe kwanza, halafu mvua moja kubwa ipite kabla ya kutumia fedha zaidi. Unyevu wa Juni na Julai nao usichanganywe na maji ya ardhini. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pembeni zote, ukiache siku mbili. Kikilowa upande wa chumba, huo ni mvuke wa hewa na dawa yake ni madirisha. Kikilowa upande wa ukuta, maji yanatoka kwenye udongo.

Hapo ndipo mtaro wa kokoto unahitajika. Uchimbwe nje, upande wa mlimani, kina chake kiwe chini kidogo ya sakafu ya chumba lakini kisipite kitako cha msingi. Ukuta usafishwe, upigwe plasta na kupakwa lami kwa nje. Bomba lenye matundu lilazwe likishuka sentimeta moja kwa kila mita, lizungukwe na kokoto safi, na kokoto zifungwe kwa kitambaa cha kuchujia ili tope lisizibe. Juu kabisa urudishwe mfinyanzi ulioshindiliwa. Tunasisitiza: msingi wa mawe wa nyumba ya zamani usifunuliwe wote kwa siku moja. Chimba kipande kifupi, kimalize, ukifukie, ndipo uendelee. Na mtaro unaozidi kimo cha kifua usiingiwe bila mbao za kuzuia kingo. Mfinyanzi unaporomoka bila taarifa, na aliye chini ni kibarua.

Maji lazima yapate pa kwenda, na hapa wengi hukosea. Shimo la kunyonya kwenye mfinyanzi hujaa na kubaki limejaa. Bomba litokeze chini ya mteremko ndani ya kiwanja au kwenye mtaro wa mvua, wala lisiunganishwe na mfumo wa majitaka. Pampu ni ya kutumia pale tu mteremko unapokosekana. Umeme wetu unakatika mvua inaponyesha, saa ileile inapohitajika.

Aprili 2024, katika kata ya Muriet, gari la wanafunzi lilisombwa na maji ya mvua na watoto wakapoteza maisha. Maji tunayoyatoa kwenye nyumba za juu yanashuka kwa watu. Tunaitaka Halmashauri ya Jiji na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) kuzibua mitaro kabla ya Machi, na tunawataka wananchi waache kuijaza taka. Kwa nyumba zilizo kando ya mito ya Themi na Naura hatutadanganya mtu. Mto ukipanda, mtaro wetu hausaidii kitu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka umbali wa mita 60 kutoka mtoni si bila sababu.

Wenye nyumba wanaopangisha vyumba hivi vya chini waache kufanya hivyo hadi vikauke. Ukungu unaumiza vifua vya watoto, na soketi iliyo karibu na maji inaua.

Kwa wanachama wetu: atakayechukua kazi ya kupaka ndani bila kukagua nje atarudishiwa malalamiko ya mteja mbele ya chama. Na wewe mwenye nyumba, fundi akikupa bei kabla hajazunguka nyumba kuangalia paa, gata na mteremko, usimlipe.