Nidhamu ya Mgambo Haikamiliki bila Haki ya Kusikilizwa

Tangu TANU ilipotoa Mwongozo wake mwezi Februari 1971, ulinzi wa nchi hii umekuwa ni wajibu wa umma mzima. Chama kilikuwa kimeona Guinea ikivamiwa na Wareno mwezi Novemba 1970, na Serikali ya Uganda ikipinduliwa na Idi Amin tarehe 25 Januari 1971. Ndipo kilipoamua kwamba mkulima na mfanyakazi nao wafundishwe kuilinda nchi yao. Uamuzi huo ulithibitika katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, maelfu ya wanamgambo walipokwenda mstari wa mbele pamoja na askari wa JWTZ.

Lakini Mwongozo huohuo ulitoa agizo la pili, ambalo husahauliwa upesi na wenye vyeo. Uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Maagizo hayo mawili hayakukutana katika waraka mmoja kwa bahati. Umma wenye silaha hauwezi kuongozwa kwa kemeo la kikoloni. Kwa hiyo, malalamiko ya mwanamgambo aliyeadhibiwa isivyo haki au kunyimwa ruhusa bila sababu hayawezi kuitwa utovu wa nidhamu kwa kuwa yametolewa tu.

Na afikiriwe mwanamgambo wa Isansa, wilayani Mbozi, mkoani Songwe. Yeye si askari wa kambini anayelipwa mshahara kila mwezi. Ni mkulima wa kahawa. Kahawa ikiiva haingoji amri ya mtu: isipochumwa kwa wakati huanguka au huharibika mtini, na mapato ya mwaka mzima ya familia yakapotea. Mkulima huyo akiomba ruhusa ya siku tatu msimu wa kuchuma, akajibiwa kwa matusi. Akichelewa asubuhi moja, akapewa adhabu ya wiki nzima, hali mwenzake aliye ndugu wa kiongozi amechelewa mara mbili na kusamehewa. Mtu huyo ana dukuduku la haki. Lisipopata mahali pa kusemwa litasemwa kilabuni na njiani. Mwaka utakaofuata vijana watakimbia mafunzo, na viongozi watauliza kwa mshangao uzalendo umekwenda wapi.

Wapo watakaosema kwamba jeshi si baraza la mjadala. Ni kweli. Amri halali hutiiwa kwanza, na mwenye kulalamika hulalamika baadaye. Historia yenyewe inafundisha hivyo. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Madai yao yalikuwa na msingi, lakini njia waliyoishika ilikuwa ya hatari na aibu. Serikali ililazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, yaliyoingia tarehe 25 Januari. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo JWTZ likaundwa. Somo la 1964 ni la pande mbili: uasi hauna udhuru, na malalamiko yasiyo na njia ni moto chini ya majivu.

Taifa lililielewa jambo hili mapema. Mwaka 1966 ilianzishwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ili mwananchi aliyeonewa na mwenye madaraka awe na mahali pa kupeleka shauri lake. Tangu 2001 kazi hiyo imekuwa mikononi mwa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Hata hivyo, si haki mkulima wa Isansa alazimike kufika kwenye Tume ya taifa kwa sababu ya ruhusa ya siku tatu. Shauri dogo lapaswa kumalizwa lilikozaliwa.

Yanayotakiwa si makubwa. Kila adhabu na kila ombi la ruhusa liandikwe katika daftari, pamoja na sababu ya kukubali au kukataa. Ombi lijibiwe kabla ya siku iliyoombwa kupita. Mlalamikaji asipelekwe mbele ya yuleyule aliyemwadhibu, bali mbele ya mshauri wa mgambo wa wilaya, asikilizwe, na mkufunzi naye asikilizwe. Ikionekana mwanamgambo ana kosa, adhabu ibaki. Ikionekana mkufunzi alikosea, adhabu ifutwe hadharani kama ilivyotolewa hadharani. Mkufunzi wa haki hatapungukiwa na heshima kwa utaratibu huo. Atakayeuogopa ni yule aliyezoea kuficha upendeleo.

Watumishi wa Serikali na walimu vijijini wana sehemu yao. Afisa mtendaji wa kijiji hana sababu ya kuiweka barua ya mlalamikaji chini ya mafaili kwa kumwogopa mkubwa. Mwalimu ajuaye kupanga maneno amsaidie jirani yake kuandika shauri lake kwa adabu na ukweli, bila kulitia chumvi. Vijiji vyetu vinahitaji walinzi watiifu. Utii wa mtu anayejua kwamba atasikilizwa ndio utakaosimama imara siku adui atakapovuka mpaka.