Skrubu Si Dawa ya Kila Mlango

Mpenzi msomaji, kabla hujaufunua ukurasa unaofuata ukitafuta mashairi na vitendawili, naomba unipe dakika chache nikueleze habari za pini moja ndogo, fupi kuliko njiti ya kiberiti, iliyonitoa jasho likizo nzima ya Agosti. Wenzangu wa kidato cha tatu wameshanicheka vya kutosha kwa sababu ya grisi iliyonisalia kwenye kucha. Wacha wacheke. Mimi nina neno langu la kusema, nalo ni hili: wengi wetu tunaojiita mafundi, nami nikiwamo, tunayaharibu magari ya zamani kwa skrubu.

Gari ninalolizungumzia ni Volkswagen ya marehemu babu, ya mwaka 1964, ile yenye mgongo kama wa kobe na injini nyuma. Babu aliinunua miaka ya sabini ikiwa tayari imetumika. Wanaodhani hicho ni kibati tu nawakumbusha kwamba gari la aina hiyo hiyo lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye matope na vumbi letu hili hili la Afrika Mashariki. Yalitengenezwa zaidi ya milioni 21, na la mwisho lilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003. La babu lilikaa chini ya mparachichi kwa miaka mingi, kuku wakitagia kiti cha nyuma, mpaka nyanya alipouza mtamba wake na kumwambia mjomba, "Lifufue. Nataka niende nalo kanisani."

Mjomba ana gereji ya jua kali mtaani kwetu. Alikata kutu, akaunganisha mabati, akapiga rangi ya samawati. Watu walipita wakisimama. "Eh, fundi, hiyo imeiva!" Rangi ilipokauka, kila mtu alidhani kazi imekwisha. Nami nilidhani hivyo. Mjomba akanikabidhi kopo la maziwa lililojaa vyuma vidogo vidogo, akasema, "Sasa funga milango," akaenda zake kushughulikia matatu iliyokuwa ikingojewa.

Jamani! Ndani ya mlango wa gari la zamani mna mambo. Kwanza huja karatasi ya nailoni, inayogandishwa kwenye bati. Halafu paneli, yaani ule ubao mwembamba uliovikwa ngozi ya plastiki, unaoshikiliwa na klipu za chuma pembeni pote, kila klipu ikiingia tundu lake. Kisha kuna mhimili unaochomoza katikati, ule unaopandisha na kushusha kioo. Juu yake unavisha springi, halafu kisahani, halafu mkono wa kuzungushia kioo. Sasa hapo ndipo penye kazi. Magari hayo ya mwanzo wa miaka ya sitini hayakuwa na skrubu pale kwenye mkono, kama yaliyokuja baadaye. Yalikuwa na pini inayopita katika shingo ya mkono, ikapenya mhimili, ikatokea upande wa pili. Ili uione hiyo tundu ni lazima ukibonyeze kisahani ndani, nayo springi inakisukuma nje. Ukibonyeza kwa mkono mmoja, ukashika mkono wa kioo kwa wa pili, pini utaishika kwa meno?

Nilihangaika siku mbili. Pini iliruka ikaingia chini ya kiti. Ikaruka tena ikaingia kwenye mchanga. Mara ya tatu nusura niilie.

Siku ya tatu mzee mmoja anayekunywa chai pale gerejini akanionyesha njia. Kata kipande cha bati kiwe na mdomo kama uma, ukichomeke nyuma ya shingo ya mkono kikandamize kisahani. Halafu usianze na pini. Anza na msumari mwembamba, uuchezeshe mpaka matundu yote yakae sawa, kisha ingiza pini upande ule mwingine iusukume msumari nje. Pini inaingia huku msumari unatoka, na tundu halipati nafasi ya kuhama. Nilipofanya hivyo iliingia kwa dakika moja. Dakika moja, baada ya siku mbili! Ama kwa hakika kuuliza si ujinga, ingawa kulinichukua muda kukubali.

Basi ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini klipu nne zilikuwa zimeliwa na kutu, na pembe ya nyuma ya paneli ikawa imejitokeza kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nilikuwa nimechoka. Nikafanya nilivyoona wakubwa wakifanya kila siku: nikachukua drili, nikatoboa paneli pamoja na bati, nikapiga skrubu ya inchi moja na nusu. Paneli ikalala tuli. Nikajisifu.

Jioni nyanya alikuja kutoka mashambani kuliona gari la mumewe. Akaketi upande wa abiria, mahali alipokuwa akiketi zamani, akashika mkono wa dirisha na kuanza kuuzungusha. Kioo kiliteremka vizuri, kisha kikakwama. Akaongeza nguvu kidogo. Tukasikia mlio kama wa mtu anayevunja sufuria ya barafu, na kioo chote kikamwagika ndani ya mlango, chembechembe kama mchele. Ncha ya skrubu yangu ilikuwa ikikingoja pale ndani. Kati ya bati na kioo hakuna nafasi ya inchi moja na nusu, na mimi sikuwa nimepima.

Nyanya hakunifokea. Alisema tu, "Babu yako alikuwa akilifunga dirisha hili kwa kidole kimoja." Afadhali angenifokea.

Sasa nakuja kwenye hoja yangu. Kioo ni hasara moja, tena ya haraka. Hasara nyingine ni ya polepole. Mvua inaponyesha, maji hupita pembeni ya kioo na kuingia mlangoni. Ndivyo mlango ulivyoundwa, na chini kuna vitundu vya kuyatolea. Ile nailoni ndiyo inayozuia maji yasiifikie paneli. Ukipiga skrubu kumi umetoboa nailoni mara kumi. Ubao unalowa, unavimba, unapinda. Paneli inajitokeza tena, nawe unaongeza skrubu nyingine! Kila tundu jipya kwenye bati halina rangi, kwa hiyo kutu inapata mlango wake. Ukifungua mlango wa gari kama hilo baada ya miaka mitano utakuta ubao umekuwa uji na bati limekuwa chujio.

Mjomba ana majibu yake, na sitaki kumvunjia heshima, kwa maana yeye ndiye anayenisaidia karo. Anasema mteja hulipia anachokiona. Anasema klipu za gari la mwaka 1964 hazipatikani dukani, na matatu ikilala gerejini siku moja kuna watu watakaolala njaa. Hapo kwa matatu nakubaliana naye kabisa. Gari linalotafuta unga wa leo lipigwe skrubu liende. Lakini gari la babu halitafuti unga. Mtu amelihifadhi kwa sababu ni lile lile alilolijua. Tukilifunga kwa njia yoyote ile tunayoiona rahisi, tumemrudishia nyanya rangi ya samawati tu.

Wala sisemi kila kitu kiwe cha asili kutoka Ujerumani. La hasha! Pini ya mlango wa pili ilipotea kabisa, nami nikaikata nyingine kutoka kwenye msumari, nikaisugua kwa tupa mpaka ikapita. Zile klipu nne tulizitengeneza kwa waya wa springi, tukazikunja kwa plaizi tukifuata mfano wa nzima. Zilichukua mchana mzima na vidole vyangu viwili vikatoka damu. Huo ni ujuakali, nami najivunia. Tofauti ni hii: pini yangu ya msumari inaweza kusukumwa ikatoka, na klipu ya waya inaweza kubanduliwa, bila mlango kujua kwamba niliwahi kupita pale. Skrubu imeacha tundu ambalo hata leo lipo. Siku hizi kabla ya kugusa chochote najiuliza kama mtu atakayeufungua mlango huu nikiwa mzee ataweza kuufungua. Kama hawezi, naweka bisibisi chini na kwenda kumtafuta yule mzee wa chai.

Kila mwaka pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong hufanyika Concours d'Elegance, mashindano ya magari na pikipiki maridadi yaliyoanza mwaka 1970. Sisi hatuna mpango wa kwenda huko. Lakini ninawaza: likipelekwa gari la rangi kama kioo, kisha mwamuzi aufungue mlango akute vichwa vya skrubu kumi na mbili vikimkodolea macho, atamwandikia mwenyewe alama gani? Nadhani mwalimu yeyote anayesahihisha insha yenye mwandiko mzuri na hoja mbovu anajua jibu.

Kioo kingine tulikipata Grogan baada ya kuzunguka Jumamosi mbili, kimetoka kwenye gari lililokwisha kuwa skrepu. Mjomba alikilipia, akanikata pesa zangu za likizo, na alikuwa na haki. Tundu nililolitoboa nililipaka rangi kwa brashi ndogo ili lisishike kutu, nikaliziba, nikabandika nailoni mpya juu yake.

Mlango wa upande wa abiria sasa umekamilika. Wa dereva bado. Pini yake nimeiweka ndani ya kiberiti kitupu, kiberiti kiko kwenye begi langu la vitabu, na kwa hiyo Mwalimu wa zamu, ukilikagua begi ukalikuta, naomba usiitupe.