Kwanza Mwulizeni Mwenye Mkono

Hapa Aroi, Arua, nchini Uganda, mtu akivunjika shingo na kupooza mikono na miguu, wanaokuja kumjulia hali huuliza jambo moja: atatembea tena? Tangu mdogo wangu aanguke kutoka kwenye mwembe, tumeulizwa hivyo na karibu kila mgeni. Yeye mwenyewe anachotamani kwanza ni mikono. Anataka ale enyasa, ugali wetu, bila kulishwa, ajifunike blanketi usiku bila kumwamsha mama, abonyeze simu yake.

Matamanio hayo yana tiba. Katika miaka ya 1970, daktari Erik Moberg wa Göteborg, Sweden, aliwaonyesha wenzake kwamba misuli iliyosalia hai inaweza kupewa kazi ya iliyopooza. Mdogo wangu anakunja kiwiko na kuinua kiganja, lakini hawezi kunyoosha kiwiko wala kubana kitu kwa nguvu. Kwa mtu kama yeye, daktari anaweza kuunganisha sehemu ya nyuma ya msuli wa bega na msuli wa kunyooshea kiwiko, au kuhamishia kano ya msuli wa kigasha kwenye kidole gumba ili kibane ubavu wa kidole cha shahada. Hisia hazirudi, na baada ya kisu kuna wiki za kufungwa mkono na miezi ya mazoezi.

Je, waliopasuliwa wanasemaje? Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2003, asilimia 70 walisema wameridhika, na asilimia 77 walisema upasuaji umewaletea mabadiliko mema maishani. Maana yake wapo ambao mkono haukuwa kama walivyotarajia, lakini maisha yao yalipata nafuu. Wapo pia ambao hawakuridhika, na mgonjwa ana haki ya kuyajua yote mawili kabla hajakubali.

Sisi hatukuelezwa lolote. Hospitali alikolazwa ilituruhusu kwenda nyumbani na dawa za maumivu tu. Hata namna ya kuutunza mkono hatukuambiwa. Mdogo wangu akiinua kiganja, vidole hujikunja vyenyewe na gumba huegemea cha shahada. Hapo anashika kipande cha muhogo. Mshiko huo unategemea kano zilizokaza kidogo. Jamaa wenye nia njema huja kumkanda na kumnyoosha vidole huku kiganja kimeinuliwa. Kano zikilegea, mshiko nao unakwenda. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo angeweza kutufundisha hilo kwa dakika chache.

Kutoka Arua hadi Kampala ni karibu kilomita 500, na huduma ya namna hii haimfikii mtu wa Aroi kwa bahati. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2020 ipo. Lazima ionekane wodini. Mgonjwa wa shingo asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla ya kuelezwa kwamba upasuaji huu upo, na kabla ya kuulizwa anataka mkono wake umfanyie kazi gani. Jibu liandikwe kwenye faili, na barua ya rufaa ieleze hivyohivyo. Akishapasuliwa, aulizwe tena baada ya mwaka kama kazi ile anaiweza. Mafanikio ya upasuaji yapimwe kwa jibu hilo.