Mnaililia Ohara, ya kwenu je?

Jumatano, saa saba usiku.

Nilipotea kidogo, nilikuwa TP huko kwetu Bukima, Musoma Vijijini. Nimekula dagaa na ugali wa muhogo mpaka mashavu yamerudi. Sasa niko chuoni, jamaa yangu wa chumba kimoja amelala baada ya kunicheka vya kutosha, na mimi usingizi umekataa. Naandika na hasira zangu, kwa hiyo mnivumilie.

Ugomvi wenyewe umeanzia kwenye One Piece. Ndiyo, ile katuni ya Kijapani ya maharamia iliyoanza kuonyeshwa 1999, wengi wetu hatujazaliwa, na mpaka leo haijaisha. Tulikuwa tunarudia zile episodi za kisiwa cha Egghead zilizotoka 2024. Tukafika pale wanapoizungumzia Ohara, machozi yakanitoka. Jamaa akaangua kicheko: "Mwalimu mzima unalilia katuni?"

Kwa wasioangalia, nawapa kwa kifupi (na wewe unayetaka kuangalia mwenyewe ruka aya hii, usije ukanilaani). Ohara ilikuwa kisiwa cha wasomi, na ndani ya mti mkubwa walikuwa na maktaba yao. Serikali ya Dunia ilikuwa imepiga marufuku mtu yeyote kuchunguza miaka mia moja fulani ya historia, ile tunayoiita Karne Tupu. Wao wakaichunguza kimya kimya. Profesa Clover alipotaka kulitaja jina la ufalme uliofutwa, akapigwa risasi kabla hajalimaliza. Manowari zikakilipua kisiwa kizima, na msomi pekee aliyepona ni mtoto wa miaka 8, Nico Robin. Lakini wale wasomi, moto ukiwa juu yao, walikuwa wanatupa vitabu ziwani ili visiungue. Miaka zaidi ya ishirini baadaye ndipo Robin anaambiwa: majitu kutoka Elbaph yalikuja, yakaviopoa vitabu, yakaenda navyo kwao. Na kati ya majitu hayo alikuwepo mmoja aliyefungwa bandeji mwili mzima. Robin anaelewa palepale kwamba ni Saul, rafiki yake aliyedhani amekufa siku ile.

Sasa niambieni, nisilie nina moyo wa jiwe?

Kwa jamaa yangu aliyelala nina neno moja tu. Hiyo unayoiita katuni, mwaka 2025 vijana wa Madagaska waliingia nayo mtaani. Walichukua bendera ya fuvu ya hao hao maharamia, wakaivua ile kofia ya majani wakaivalisha kofia ya kwao. Oktoba mwaka huohuo rais akaondoka na jeshi likachukua nchi. Sisemi katuni ndiyo iliyofanya, sababu zilikuwa maji na umeme na mengine mengi. Nasema watu wazima wenye akili zao waliona humo kitu cha kushika mkononi. Basi na mimi niachwe nilie.

Lakini bwana, leo sikuja kumgombeza yeye. Nakuja kutugombeza sisi tunaolia. Na wa kwanza ni mimi.

Jumapili moja jioni kule nyumbani nilikuwa nimekaa barazani na simu, naangalia hiyo hiyo Ohara, masikio nimeyaziba na visikilizio. Bibi yuko pembeni anachambua dagaa, huku anaongea Kijita chake taratibu. Mimi namwitikia, "Ehee bibi. Ehee." Mtoto mwenye adabu kabisa! Episodi ikaisha, nikavua visikilizio nikifuta machozi, nikakuta bibi anamalizia: "...na pale ndipo tulipomwacha mzee."

Nikamuuliza, "Wapi bibi?"

Akaniangalia. "Nimeshasema, mjukuu wangu. Si ulikuwa unanijibu?"

Baba ndiye aliyenieleza baadaye. Bibi alikuwa anasimulia mwaka wa Operesheni Vijiji, miaka ile ya 1970 watu walipohamishwa kwenda vijiji vya ujamaa. Alikuwa anaitaja miji yote waliyoiacha, mmoja baada ya mwingine, na kaburi la babu wa baba lilipobaki. Nikaenda kesho yake na daftari. Bibi alikumbuka majina matatu, mawili akayachanganya, akasema amechoka, tutaongea siku nyingine. Siku hizi kuna wakati ananiita kwa jina la baba. Halafu TP ikaisha, nikapanda gari nikarudi chuo.

Yaani nilikuwa namlilia Profesa Clover aliyekatwa kauli, na bibi yangu mwenyewe nimemkata kauli kwa kumwitikia "ehee".

Ndiyo maana nawauliza mashabiki wenzangu: Ohara ilipigwa mabomu, ya kwenu imepigwa na nani? Mnapenda kusema historia yetu imefichwa, mara wakoloni, mara wakubwa. Sikatai. Wakoloni walituandikia wanavyotaka wao. Na shule nayo ina sehemu yake: darasa la tatu mimi nilivishwa kibao shingoni kwa neno moja la Kijita nililolisema uwanjani, nikazunguka nacho mpaka mchana, wenzangu wakinicheka. Hilo silisahau. Lakini jamani, huo mwaka wa ngapi? Leo nani ameniwekea manowari pale barazani kwa bibi? Nani amepiga marufuku nisikae naye saa moja? Hakuna. Simu ni yangu, bando nilinunua mwenyewe.

Najua mtakachojibu, maana hata kwenye vimbweta tumeshabishana. Mtasema hadithi za bibi hazina chanzo, mhadhiri atakuuliza umezitoa kitabu gani. Ninyi mnaosoma historia semeni ukweli: si tumefundishwa kwamba masimulizi ya mdomo ni chanzo? Profesa Isaria Kimambo miaka ya 1960 alikwenda kwa wazee wa Upare, akawasikiliza, akawalinganisha mmoja na mwingine, ikatoka historia ya Wapare ikachapishwa 1969. Wazee wale wangekuwa na wajukuu kama sisi, wenye "ehee", angeandika nini? Hatukosi chanzo. Tumezoea madesa, basi. Desa la mwaka juzi linatosha kufaulu, halafu tunaenda kufundisha desa hilohilo.

Na msiseme mtu wa kijijini hawezi. Ng'ambo ya maji kutoka kwetu kuna Ukerewe, na lugha yao na yetu zinakaribiana sana. Huko alikuwepo Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896. Alikaa akaandika riwaya nzima kwa Kikerewe, akaimaliza 1945. Ndani mna ndoa, mna utasa, mna dawa, mna mume anayetozwa pombe ya ndizi na wakwe ili arudishiwe mkewe. Aliandika kwa sababu aliona mambo hayo yanapotea na lugha inapotea. Haikuchapishwa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ikatoka 1980, Tanzania Publishing House. Miaka 35! Mwaka 1981 akafariki kabla kitabu hakijamfikia mkononi.

Huyo ndiye msomi wa Ohara wa kwetu, tena hakuna aliyemlipua. Alisubiri tu majitu yaje kuopoa, na majitu yakachelewa. Nyoosheni mikono: ni wangapi kati yenu, watu wa Musoma, Bunda na Butiama, mmekisoma? Mimi nilikuwa sijakisoma mpaka mwezi uliopita, na niko mwaka wa tatu wa ualimu wa Kiswahili na Historia. Aibu yangu hiyo.

Sisi watu wa Mara tuna ugonjwa mmoja. Mtu akiuliza historia ya kwetu tunamwonyesha Mwitongo, tunamwonyesha makumbusho ya Mwalimu Nyerere, tumemaliza. Mwalimu anastahili, sina ubishi. Lakini Mwalimu hakuwa peke yake mkoani. Hao bibi walioitikia wito wakahama na watoto mgongoni, nani anayo hesabu ya walichokiacha?

Na hili si suala la machozi tu. Mitaala mipya ya 2023 imeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Sisi hapa ndio tutakaosimama mbele ya darasa. Mtoto wa Bukima akinyoosha kidole aulize, "Mwalimu, hapa kwetu je?", utamjibu nini? Utamwambia ni Karne Tupu?

Basi pendekezo langu ni dogo. Likizo ijayo kila mmoja arudi na daftari moja. Mzee mmoja, majina kumi ya mahali, na kilichotokea hapo. Kwa lugha yake mwenyewe, usimtafsirie kichwani. Ukikosea tahajia tutasahihishana. Tukiwa ishirini ni majina mia mbili, na hayo hakuna desa lolote lenye nayo. Wajita wenzangu msinitie aibu, jina letu na majitu zinafanana kabisa, tukaopoe.

Mimi sisubiri likizo. Jumamosi nampigia baba ampelekee bibi simu, niyaweke yale majina matatu sawa kwanza. Akiwa amechoka nitapiga Jumapili.

Kesho nina kipindi saa moja asubuhi na sijalala. Jamaa yangu anakoroma. Usiku mwema.