MTOTO AZIBAYE MASIKIO KWA ADHANA

 

Katika mmoja wa misikiti yetu ya Dar es Salaam yuko mtoto wa miaka saba. Kila inapoadhiniwa huziba masikio kwa viganja, akalia na kujipinda mpaka muadhini amalize. Hamtazami mtu usoni. Ukimwuliza jina lake hukurudishia swali lilelile. Waumini wakatoa hukumu: shetani huikimbia adhana, basi mtoto huyu ana shetani. Mama yake akaelekezwa kwa mtu mwenye kilemba na cheo cha usheikh. Huko mtoto akafukizwa, akanyweshwa kombe, akavishwa hirizi mbili, na alipopiga kelele akachapwa, eti anayepigwa ni jini. Baba alipoona fedha zinakwisha, akahama nyumba.

Tunawauliza waliohukumu: mtoto huyu huziba masikio pia apitapo mbele ya mashine ya kusaga, na pikipiki ikinguruma. Je, mashine ya kusaga nayo inaadhini?

Hali hiyo inaitwa usonji. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, na dalili zake aghalabu huonekana kabla mtoto hajatimiza miaka mitatu. Kwa wengi wao sauti kubwa ni maumivu hasa. (Na vipaza sauti vyetu, tuseme kweli, vinawachosha hata wenye masikio mazima.) Daktari Leo Kanner aliieleza hali hii mwaka 1943, kwa watoto 11 huko Marekani. Baadaye walikuwapo wataalamu waliodai kwamba chanzo chake ni ubaridi wa mama kwa mwanawe. Utafiti ukawabatilisha, na kauli hiyo ikaachwa. Kwetu mama angali mshitakiwa: alipita wapi magharibi akiwa na mimba, na alimkosea nani?

Hatukanushi kuwapo kwa majini, Qur'ani imewataja. Wala hatumkatazi mzazi kumsomea mwanawe aya na dua zilizothubutu. Tunachokipinga ni kumuuzia hirizi mama aliyechanganyikiwa, na kukiita kipigo kisomo. Tena lawama isiishie kwa waganga. Sisi walimu wa madrasa tumewahi kuwachapa bakora watoto wa namna hii kwa kuwa hawakurudia herufi, tukawaita wakaidi. Tulikaa miaka mbele ya masheikh tukisoma mlango wa taklifu, tukahifadhi kwamba asiyebaleghe haandikiwi dhambi, kisha tukamwandikia mtoto dhambi kwa fimbo.

Imamu Muslim amepokea kwa Anas kisa cha mwanamke aliyekuwa na kasoro katika akili yake, aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akasema ana haja naye. Mtume hakumsukumia kwa mtu mwingine. Alimwachia achague njia aitakayo, akasimama naye mpaka haja yake ikaisha. Yeye aliyebeba umma mzima alipata wakati. Maimamu wetu hawapati?

Mzazi ampeleke mtoto hospitali, na masikio yapimwe kwanza, kwani wapo walioitwa mazezeta kumbe hawasikii tu. Usonji hauna dawa ya kuuondoa, lakini mafunzo ya mazungumzo na ya kujihudumia, yakianza mapema, humfaa mtoto sana. Kisha amwone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, aulizie shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imempa mtoto huyu haki ya kusoma, kwa hiyo asiombe kama aombaye hisani. Na baba aliyehama, matumizi ya mwanawe yangali shingoni mwake, ahame mara ngapi.

Ama kamati ya msikiti, iliyochangisha vipaza sauti vipya kwa Ijumaa mbili tu, tunaiuliza: nauli ya mama huyu ya kwenda kliniki itachangishwa Ijumaa gani?