WANAOANDIKA MAAGIZO YA KAZI WAPIMWE NA SISI TUNAOYASHIKA



Kuna kazi moja ambayo wengi wetu hatujui kuwa ni kazi. Ni kuandika yale makaratasi yanayobandikwa ukutani: jinsi ya kupima breki, jinsi ya kufungua mashine, jinsi ya kuzima moto wa mafuta. Huko Marekani watu huisomea Chuo Kikuu miaka 4 wakapewa shahada. Msicheke. Sisi twaona ni jambo jema, tena kwetu limechelewa. Lakini tuna swali. Huyo mwanafunzi akisha kumaliza miaka yake 4, ajulikanaje kuwa kazi ameijua?

Waalimu wengi wa huko hufanya hivi. Mwanafunzi hukusanya maandishi yake katika faili moja, kisha waalimu huketi wakalisoma. Huuliza: je, amemfikiria msomaji? Amepanga vema? Lugha yake ni safi? Picha zake zaeleweka? Wakatoa maksi. Faili ni bora kuliko mtihani wa saa 3, hilo twakubali. Lakini tazameni ni nani anayelisoma. Ni mwalimu, ameketi kitini, taa yawaka, chai iko mezani. Hana spana mkononi. Hana mvua mgongoni.

Sasa sikilizeni yaliyotupata sisi. Katika yadi moja tuliyofanya kazi ililetwa karatasi mpya ya kusafisha tangi la hewa ya breki. Mstari wa 4 ulisema: Legeza kizibo cha tangi. Mstari wa 5 ulisema: Kabla ya kulegeza kizibo, hakikisha hewa yote imetoka. Lugha yake haikuwa na kosa hata moja, na taipu ilipigwa vizuri sana. Ingalipelekwa kwa waalimu wale, twadhani ingalipata maksi nyingi.

Lakini mtu aliye kazini hasomi kama asomaye gazeti. Husoma mstari mmoja, akainama akafanya, ndipo akarudi kusoma wa pili. Mwenzetu alifanya mstari wa 4. Kizibo kiliruka kama risasi. Leo vidole vyake 2 havikunji. Na baada ya kutoka hospitali alipewa barua ya onyo, kwamba hakufuata maagizo! Ndugu zangu, yeye ndiye aliyeyafuata. Aliyeandika hakuitwa kuulizwa neno, wala jina lake hatukulijua.

Wala si katika yadi zetu tu. Septemba 1977, katika kiwanda kimoja cha umeme wa nyuklia cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, valvu moja ilikwama wazi, maji yakawa yanatoka. Wafanya kazi walitazama saa ya kipimo, ikawaonyesha kuwa maji yamejaa, basi wakayapunguza maji ya kuokoa mtambo. Bahati yao, mtambo ulikuwa unakwenda kwa nguvu kidogo tu, na valvu ikaonekana mapema. Mhandisi mmoja wa kampuni iliyounda mitambo hiyo, Bert Dunn, aliona hatari. Februari 1978 aliandika kwamba wafanya kazi wa mitambo yote ya namna ile wapewe maagizo mapya. Barua ikatembea ofisi hata ofisi. Mmoja alikuwa na swali, mwingine hakujibu. Maagizo hayakutoka. Tarehe 28 Machi 1979, huko Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, valvu ikakwama tena, wafanya kazi wakafanya yale yale, na sehemu ya mtambo ikayeyuka. Tume ya Bwana John Kemeny ilipochunguza, ilisema makosa ya wafanya kazi yalikuwepo, lakini mafunzo na maagizo waliyopewa pia yalikuwa mabovu.

Habari hii wanafunzi wa shahada ile husomeshwa darasani. Vizuri. Basi wajifunze na hili: barua ile ilikuwa na maneno ya kweli, lakini kwa mtu aliyeshika swichi ilikuwa sawa na karatasi tupu, maana haikumfikia.

Ipo njia ya kupima, nao waalimu wanaijua. Mpe mtu karatasi, mpe na chombo, kisha nyamaza. Usimwelekeze. Tazama anaposimama, anaporudia mstari, anapokosea, hesabu. Karatasi ya kizibo isingalipita hata dakika 5. Lakini mwanafunzi akimjaribu mwanafunzi mwenziwe, waliosoma shule moja na kula meza moja, hapo amepima nini?

Hapa Kenya, baraza la ufundi lililowekwa kwa Sheria ya mwaka 2013 hupima fundi kwa mikono yake, na asiyeweza huandikwa kuwa bado hajaweza. Fundi bomba atie bomba, maji yapite. Kwa nini mwandishi wa maagizo apimwe kwa kalamu peke yake?

Wako watakaosema: mfanya kazi wa darasa la misheni atampimaje mwenye shahada? Hatumpimi Kiingereza chake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kitanda hiki twakilalia sisi, usiku na mchana.

Kwa hiyo tumepeleka kwa Katibu wa Tawi mambo 2 tunayotaka yaingizwe katika mazungumzo na wakubwa. Kwanza, karatasi yo yote mpya ya kazi ijaribiwe na wafanya kazi 3 wasioijua, kwa lugha wanayosema kazini, kabla haijatiwa sahihi. Pili, chuo cho chote kitakachofundisha uandishi huu kiite wafanya kazi siku ya kupima wanafunzi, na walipwe mshahara wa siku hiyo. Yule mwenzetu wa vidole 2 amekwisha andikisha jina lake.