Mtoto Akichemka Usiku: Tusali au Tuondoke?



Mwezi huu tungependa kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mahubiri tu, wala si la ukurasa wa afya: namna ya kuamua pale ambapo hatujui. Twalileta hapa kwa sababu katika mitaa yetu, kuanzia Buzebazeba hadi Ujiji, uamuzi mgumu kuliko yote haufanywi ofisini wala kanisani. Hufanywa chumbani, saa tano za usiku, na mama aliyempakata mtoto anayechemka.

Tuutazame usiku huo kwa mfano. Ni wakati wa giza, mwezi haupo, na wanaume wako ziwani na taa zao wakivua dagaa. Simu ya baba haipatikani. Mtoto ana miaka 2; mchana alicheza, jioni alikataa ugali, na sasa mwili ni moto. Mama hajui ni nini. Huenda ni malaria. Huenda ni mafua, au ni meno kama asemavyo bibi. Mama mkwe anashauri wangoje asubuhi, baba arudi atoe ruhusa na nauli. Jirani mmoja analeta mawese ya kumpaka. Jirani mwingine, mtu wa sala sana, anasema wapige magoti, kwa maana kumkimbiza mtoto hospitali kabla ya kumaliza kuomba ni kuonyesha kwamba hawamwamini Mungu. Wote hao wanampenda mtoto. Hakuna hata mmoja wao anayejua kinachoendelea ndani ya damu yake.

Maoni yetu ni haya. Anayesema tungoje, naye ameamua. Watu hudhani kwamba kungoja ni kukaa pembeni mpaka Mungu aonyeshe njia, kumbe kungoja nako ni njia, tena ina mwisho wake. Basi mama asiulize tu, "Huu ni ugonjwa gani?", kwa sababu swali hilo hana uwezo wa kulijibu saa hiyo. Aulize swali analoweza kulijibu: nikikosea, kosa lipi linaweza kurekebishwa?

Akienda kituoni na ikaonekana ni mafua, amepoteza usingizi, fedha ya bodaboda, na pengine atachekwa na mawifi kesho yake. Hayo yanarekebishika. Akibaki nyumbani, na kumbe ni malaria ya aina inayopatikana zaidi kwetu, saa chache zinaweza kutosha ugonjwa kupanda kichwani au kumaliza damu ya mtoto mdogo. Hilo halirekebishiki. Makosa haya mawili hayana uzito mmoja, na mtu hahitaji shahada ya udaktari kuona mizani inakoelekea.

Wala hatusemi hivi kwa kutishana. Katika uchunguzi wa malaria uliofanyika nchini mwaka 2017, Mkoa wa Kigoma ndio uliokuwa juu kuliko mikoa yote: watoto kama 24 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 waliopimwa walikutwa na vimelea, ilhali kwa nchi nzima walikuwa kama 7. Kwa hiyo mama wa Buzebazeba anapobahatisha, habahatishi katika mazingira sawa na ya mama wa Arusha. Ndiyo maana mtoto mwenye homa anatakiwa apimwe damu ndani ya saa 24, hata kama anaonekana ana nguvu.

Ziko dalili ambazo zikionekana hakuna tena la kujadili, iwe saa nane za usiku, iwe katikati ya rozari: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, amelegea, au haamki vizuri. Tuongeze na kupumua kwa shida, na viganja kuwa vyeupe. Mtoto wa namna hiyo huondoka saa hiyo hiyo, na rozari humaliziwa njiani.

Juu ya degedege hatuna budi kusema zaidi kidogo, kwa maana hapo ndipo imani na hofu huchanganyika sana. Wengi wetu tumelelewa tukisikia kwamba degedege si ugonjwa wa hospitali, kwamba ni mdudu au pepo aliyempitia mtoto, na kwamba mtoto huyo akichomwa sindano atakufa. Basi hufukizwa moshi, hupelekwa kwa mganga, na baadhi ya Wakristo nao huchukua njia hiyo hiyo kwa jina jingine: badala ya mganga humpeleka kwa mtu wa maombi, wakabaki huko hadi asubuhi. Tuseme ukweli, maneno ya sindano hayakutoka hewani. Watu waliona watoto wakifa baada ya kuchomwa. Lakini wengi wa watoto hao walifikishwa hospitali baada ya kwisha kuzungushwa siku mbili, na sindano ikawa jambo la mwisho lililoonekana. Leo mtoto mwenye malaria kali hutibiwa kwa sindano ya artesunati, na imeokoa watoto wengi. Mtoto akishikwa na degedege mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, usimnyweshe kitu, na uanze safari.

Sasa turudi kwa jirani yetu wa sala, ambaye hatumdharau hata kidogo. Yeye husema: kumtegemea daktari ni kumpunguzia Mungu heshima. Msomaji afungue kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38. Mwandishi anafundisha kwamba mganga ameumbwa na Bwana na apewe heshima yake, kwamba dawa zimetolewa katika nchi na Bwana huyo huyo, na kwamba mgonjwa aombe na pia ampe mganga nafasi. Hakuweka sala na dawa kama ndugu wawili wanaogombea urithi. Hata mganga mwenyewe, anasema, humwomba Mungu ili afanikiwe kumponya mtu.

Na hapa ziwani kwetu tumepata kuwa na mtu aliyeyaishi maneno hayo. Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, tunaozoea kuwaita Mapadre Weupe. Walimpeleka Malta akasomea udaktari, na mwaka 1889 akafika Karema, kusini mwetu kwenye mwambao huu huu wa Tanganyika. Alikaa hapo akiwa katekista na daktari hadi alipofariki mwaka 1956. Alifundisha dini na kufunga vidonda, akajifunza pia dawa za wenyeji alizoona zinafaa, na mwanawe Yosefu akapata upadre. Kwa miaka zaidi ya 60 watu wa Karema walimwona mtu mmoja akishika katekisimu na kisu cha upasuaji, na hatujasikia kwamba imani yao ilipungua kwa sababu hiyo.

Kinyume chake tulikiona mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye nchi nzima ilimwita Babu, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mti, akawapa watu kikombe kwa shilingi 500. Magari yakapanga foleni ya kilometa nyingi, kutoka pembe zote za nchi na nchi jirani. Wengine walifia njiani. Hatuwacheki waliokwenda. Mtu aliyeugua kisukari au UKIMWI kwa miaka mingi amechoka, na aliyechoka hutafuta mlango. Lakini pimeni kwa mizani ile ile ya makosa mawili. Aliyekunywa kikombe na kuendelea na vidonge vyake, kama kikombe hakikufaa, alipoteza nauli na siku kadhaa za vumbi. Aliyekunywa kikombe kisha akatupa ARV zake, akisema kuzimeza tena ni kukosa imani, aliweka rehani kitu kisichorudi. Wote wawili walikuwa na imani. Mmoja aliacha nafasi ya kurudi, mwingine hakuacha.

Wako watakaotujibu: wataalamu nao hawana hakika, kila siku wanabadilika. Ni kweli, wala hatuoni haya kulikiri jambo hilo. Wazee wetu wanakumbuka klorokwini, chungu kuliko shubiri, na miwasho yake. Mwaka 2001 nchi yetu iliiacha kama dawa ya kwanza ya malaria kwa sababu vimelea vilikwisha kuizoea, ikaingia SP. SP nayo ikachoka, na mwishoni mwa 2006 ikaingia dawa mseto. Kwetu sisi hiyo ni sababu ya kuwaamini zaidi. Waliangalia watoto wanaotibiwa, wakaona hawaponi, wakasema dawa hii haifai tena. Mwenye kujidai hakosei kamwe ndiye wa kuogopwa, avae koti jeupe au joho.

Hata maaskofu wetu walipata kuamua bila hakika. Mwanzoni mwa 2021 hapakuwa na takwimu za korona zilizotolewa nchini tangu mwishoni mwa Aprili 2020, na wengi walisema ugonjwa umekwisha kwa maombi. Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliandika Januari 2021 akiwaonya waamini kwamba nchi yetu haijajitenga na dunia, na kwamba tahadhari zirudi. Mwezi Machi Katibu Mkuu wa Baraza, Padre Charles Kitima, alisema mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki katika kipindi cha miezi miwili, wengi wakiwa na shida ya kupumua. Maaskofu hawakuwa na maabara. Walikuwa na makaburi ya watu wao. Walisema tusali na tunawe mikono, na kama wangekuwa wamekosea, hasara ingekuwa sabuni.

Hapo ndipo tunapoona kazi ya imani katika uamuzi. Katekisimu inafundisha kwamba busara isichanganywe na woga. Mama yule wa saa tano anaogopa mambo mengi: anaogopa kumwamsha mama mkwe, anaogopa mume atakaporudi na kukuta fedha ya mtaji imeguswa, anaogopa kuonekana hana imani mbele ya wanajumuiya. Sala fupi haitamwambia kama ni malaria. Kipimo ndicho kitakachomwambia. Sala itamtuliza moyo, apate nguvu ya kupoteza vitu vidogo, hata heshima yake mbele ya majirani, ili asipoteze kikubwa.

Akifika, akubali majibu ya kipimo. Tunasikitika kuona mzazi akiambiwa hakuna malaria, halafu anapita dukani kununua mseto kwa sababu ameshazoea. Kama si malaria kuna kitu kingine kinachomchoma mtoto, nacho kitafutwe, pengine ni mapafu. Na ikiwa ni malaria, dozi ya pili ya mseto hutolewa baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, na mtoto awe amekula. Siku ya pili mtoto atacheza, na mama atashawishika kuviweka vidonge vilivyobaki kwa ajili ya homa nyingine. Asifanye hivyo.

Tunajua pia kwamba yapo malalamiko juu ya baadhi ya vituo: muuguzi mmoja kwa wagonjwa wengi, dawa zimekwisha, lugha kali. Ni haki kuyapeleka kwenye kamati na kwa viongozi, mchana, kwa majina na tarehe. Lakini si sababu ya kubaki chumbani usiku. Kutoka Buzebazeba, Kituo cha Afya Ujiji na Hospitali ya Maweni si mbali kwa bodaboda. Wenzetu wa vijiji vya mwambao vinavyotegemea boti wangeipokea nafasi hiyo kwa furaha.

Jambo la mwisho ni la akina baba. Ruhusa inayosubiriwa mpaka mtumbwi urudi mara nyingi huchelewa. Kwa nini isitolewe kabla? Mume na mke wakae mchana, mtoto akiwa mzima, wakubaliane: dalili zile zikionekana, mama anaondoka bila kuuliza mtu, fedha iko kwenye kopo lile, namba ya kijana wa bodaboda ni hii, na mama mkwe amekwisha kuambiwa. Jumuiya Ndogo Ndogo nazo zinaweza kuweka kiasi kidogo kwa mama asiye na chochote kwenye kopo, na WAWATA wanajua vizuri kuliko sisi ni nyumba zipi. Tungeomba jambo hili liingizwe katika kikao cha jumuiya wakati wa mbalamwezi, wavuvi wakiwa bado nyumbani wanatengeneza nyavu, kabla giza jingine halijaingia.